Makao ya Kobe wa Maji

Mara nyingi watoto kambini humtia kobe wa maji katika ndoo iliyojaa, wakidhani maji pekee yamtosha. Sivyo. Kobe hupumua hewa, na akikosa jua gamba lake huweza kulainika.

Baba na atafute beseni pana la plastiki, apange mawe bapa upande mmoja kwa mteremko hadi yatokeze juu ya maji. Upande wa pili, kina kizidi upana wa gamba. Nusu ipate jua, nusu kivuli.

Maji yachafukapo yabadilishwe, wala yasimwagwe jikoni, kwani kobe huweza kubeba vijidudu vya salmonela. Amshikaye anawe kwa sabuni. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asimguse kabisa.