JINA LA UINGEREZA HALIMSOMESHI MTOTO





Kila Septemba inapokaribia, maswali huwa ni yale yale. Mfanyabiashara anarudi kutoka Deira na mzigo wake wa nguo, na ndani ya begi ana vipeperushi vya shule: bwawa la kuogelea, watoto waliovaa tai, nembo yenye simba na taji. Usiku anakaa na mama watoto, wanapiga hesabu, na kabla wiki haijaisha habari imeenea Buyenzi nzima kwamba fulani anampeleka mwanawe Dubai kwa shangazi yake, akasome "shule ya Waingereza". Kila mtu anasema mashaallah. Hakuna anayeuliza shule hiyo ni ya nani.

Sisi tutauliza, na tutakaowaudhi watuwie radhi. Hatupingi elimu, wala hatukipingi Kiingereza. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi tangu 2014, na mtoto asiyekijua atapitwa na mengi. Tunachopinga ni mzazi kuuza kiwanja ili anunue jina, kisha akadhani kwamba kwa risiti ile moja amemnunulia mtoto elimu, dini na maisha yake ya baadaye.

"NI SHULE YA WAINGEREZA"

Hii ndiyo hoja ya kwanza tunayoisikia, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Shule iliyo nje ya Uingereza inaweza kujiita ya Kiingereza kwa sababu tu inafuata mtaala wa kule. Serikali ya Uingereza ina utaratibu wa ukaguzi kwa shule za namna hii zilizoko ng'ambo, unaojulikana kwa kifupi kama BSO, ulioanza mwaka 2010. Lakini utaratibu huo ni wa hiari. Shule inayotaka inaomba, inalipa na kukaguliwa. Isiyotaka haikaguliwi na BSO, na bado simba na taji wanabaki getini.

Zipo pia zenye majina makubwa ya zamani. Harrow ilikwenda Bangkok mwaka 1998, Repton ikaingia Dubai mwaka 2007, Brighton College ikafuata Abu Dhabi mwaka 2011. Shule nyingi za aina hii huendeshwa na mwekezaji au kampuni iliyopewa ruhusa ya kutumia jina, na shule mama huko Uingereza hupata malipo yake. Hatusemi kuwa ni mbaya. Baadhi ni nzuri sana. Tunasema kwamba jina lina miaka mamia, lakini mwalimu atakayesimama mbele ya mwanao huenda amefika mwezi uliopita na ataondoka mkataba wake ukiisha. Huyo ndiye unayemlipia. Je, umemuulizia?

Na mtihani? Wengi wanaotamka IGCSE kwa fahari hawajui kwamba Cambridge iliuanzisha mtihani huo mwaka 1988 hasa kwa ajili ya wanafunzi wa nchi mbalimbali duniani. Watoto wengi wa Uingereza yenyewe hufanya GCSE. Na IGCSE hiyo hiyo, ya bodi hiyo hiyo, inafanywa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Cheti hakiandikwi kwamba darasa lilikuwa na kiyoyozi.

"DUBAI NI MJI WA KIISLAMU"

Ni kweli, na tunamshukuru Allah kwa hilo. Adhana inasikika, chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi, na sheria inazitaka shule binafsi ziwafundishe wanafunzi Waislamu somo la dini. Mzazi aliyewahi kuwa na mtoto katika bweni la watu wasiojua hata saa ya futari anajua thamani ya jambo hilo.

Lakini tusijidanganye. Somo la dini shuleni ni vipindi vichache kwa wiki, vina kitabu na mtihani kama jiografia. Havimwamshi mtoto alfajiri. Havimuulizi jana ulikuwa na nani na simu yako ina nini. Shangazi anatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi usiku, naye ana watoto wake. Ni nani basi atakayemsikiliza kijana juzuu yake? Mzazi aliyeko Bujumbura, kwa simu, baada ya Isha? Malezi ni amana, na siku ya kuulizwa tutaulizwa sisi. Msajili wa shule hataitwa kujibu kwa niaba yetu.

Na Kiarabu, ambacho wazazi wengi ndicho wanachokitaja kwanza? Mtoto wetu, hata akiitwa Abdallah bin Salim, kama si Mwarabu wa lugha atawekwa katika darasa la wasiokuwa Waarabu. Ripoti za wakaguzi wa Dubai zimerudia mwaka baada ya mwaka kwamba ufundishaji wa Kiarabu kwa kundi hilo uko nyuma ya Kiingereza, hesabu na sayansi. Kwa hiyo mzazi aliyemsafirisha mtoto ili ajue Kiarabu anaweza kurudishiwa mtoto mwenye Kiingereza cha televisheni, Kiarabu cha salamu, na Kiswahili kilichokatika katikati. Akija Idd anamwamkia bibi yake, bibi anamjibu kwa dua ndefu, naye anamgeukia mama yake amtafsirie. Huo ni umaskini, hata kama umelipiwa kwa dirhamu.

"ATAFIKA LONDON"

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema. Kusoma shule yenye mtaala wa Uingereza hakumfanyi mtoto ahesabiwe mwenyeji katika vyuo vya Uingereza. Ada ya mwenyeji hutegemea mahali mwanafunzi alipokuwa akiishi na hali yake ya uhamiaji. Mtoto aliyesoma miaka 13 ya mtaala wao akiwa Dubai hulipa kama mgeni, sawa na aliyesoma Bujumbura, na ada ya mgeni ni kubwa mara kadhaa.

Basi akirudi nyumbani? Chuo Kikuu cha Burundi masomo yake mengi ni kwa Kifaransa. Kijana aliyeondoka akiwa na miaka saba, asiyeandika Kifaransa wala Kirundi, atasomaje sheria au udaktari pale? Mlango wa London haukufunguka kwa sababu ya fedha, na mlango wa nyumbani tumeufunga kwa mikono yetu.

HESABU AMBAYO HAIPIGWI

Dubai kuna shule za mtaala huu zinazotoza chini ya dirhamu 20,000 kwa mwaka, na zipo zinazopita 100,000, yaani zaidi ya dola 27,000 za Marekani. Hapo hujahesabu usajili, sare, basi, vitabu, ada ya mitihani na tiketi za ndege. Tena dirhamu imefungwa na dola tangu 1997. Faranga yetu haikufungwa na kitu. Mei 2023 Benki Kuu yetu iliposhusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Shule haikupandisha ada hata senti, lakini kwa mzazi anayeuza vitenge kwa faranga ada ilikuwa imepanda usiku mmoja. Mtoto wa darasa la tatu ana miaka kumi mbele yake. Nani anaijua faranga ya miaka kumi ijayo?

Na kuna jambo la ukaazi. Kule kwa kawaida mkazi hudhamini mke wake, watoto wake wa kuzaa na wazazi wake. Mtoto wa ndugu si jambo la kuambiwa "tutaona tukifika". Na hata mtoto anayeishi na baba yake mzazi, baba akipoteza kazi kibali cha baba kinakwisha na cha mtoto hufuata. Shule bora kuliko zote haina dawa ya hilo.

KWA WALIO NA SABABU

Tunajua wapo ndugu zetu wanaoishi na kufanya kazi Dubai au Maskati, mume, mke na watoto pamoja. Shule za serikali huko hufundisha kwa Kiarabu na zimewekwa kwanza kwa ajili ya wananchi. Hao hawana budi kutafuta shule binafsi, na ya mtaala wa Uingereza inaweza kuwafaa. Zipo pia za mtaala wa India ambazo nyingi ni nafuu. Kwao hatuna lawama. Tunawaomba tu wasitoe hata dirhamu moja kabla ya kupata majibu haya:

1. Shule ni ya nani? Ni ya wakfu, ya wazazi, au ya kampuni inayotafuta faida? Faida si dhambi, lakini mnunuzi ajue anafanya biashara na nani.

2. Nani ameikagua, na lini? Dubai ina mamlaka yake, KHDA, na ripoti zake pamoja na ada za kila shule zimewekwa wazi kwa umma. Soma tarehe kwanza. Ukaguzi kamili ulisitishwa kwa mwaka wa masomo 2024–2025, kwa hiyo sifa ya "bora kabisa" inayoning'inia ukutani inaweza kuwa ya mwalimu mkuu aliyekwisha kuondoka.

3. Matokeo ya wanafunzi wote yako wapi? Watatu waliopata A* watakuwa kwenye bango. Uliza wale wengine walipata nini, na wangapi waliondolewa kabla ya mtihani.

4. Dini, Kiarabu na Kiswahili vimepewa nafasi gani? Vipindi vingapi, mwalimu nani, Adhuhuri wanaswali wapi? Cambridge ina mtihani wa Islamiyat na wa Kiswahili pia. Shule isiyotaka hata kulizungumza hilo imeshakujibu.

5. Walimu wanakaa miaka mingapi? Muulize mzazi mwenye mtoto pale, usimuulize mwenye kutembeza wageni.

6. Cheti kitakubaliwa wapi? Uliza wizara na chuo unachokikusudia kabla mtoto hajaanza.

NENO LA MWISHO KWA MATAJIRI WETU

Mtakaosema hatuna shule nzuri hapa, mnasema kweli. Lakini ni nani atakayeijenga ikiwa kila mwenye uwezo anasafirisha mtoto wake na ada yake? Dola 27,000 anazotoa baba mmoja kwa mtoto mmoja kwa mwaka mmoja, zikikaa Buyenzi, Rumonge au Gitega, zitalipa walimu wa Kiingereza na wa Qur'ani kwa watoto wengi sana, na mtoto wake mwenyewe akiwemo, akilala nyumbani kwao. Wafanyabiashara watano wakikubaliana, jambo limekwisha anza. Kinachokosekana ni moyo wa kukaa chini pamoja, kwa sababu kutajwa kwamba "mwanangu yuko Dubai" kunapendeza masikioni kuliko kutajwa kuwa mmoja wa watano.

Tunaziomba kamati za misikiti zilete jambo hili mbele ya waumini kabla ya Septemba, na wazazi walioshika vipeperushi wavisome upya wakiwa na maswali sita mkononi. Atakayeona kwamba safari bado ni ya haki, Allah amfungulie. Atakayeona kwamba alikuwa ananunua jina, hajachelewa kuirudisha fedha mfukoni.

Wabillahi tawfiq.