Kabla ya Kuitupa Mashine ya Msikiti

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya pasi na majiko ya umeme. Ahadi hiyo ipo pale pale, ila leo tunaomba ruhusa ya kuiahirisha, kwa kuwa limetupata jambo sisi wenyewe hapa Bukoba na tumeona tulisimulie lingali bichi.

Msikiti tunaoswalia, upande wa Nyanga, una mashine ya kufyonzea vumbi, ile ambayo wengi huiita vakyumu. Ni kongwe. Ililetwa kutoka Maskati na mama mmoja aliyekwenda kuwatazama jamaa zake huko, akaiweka wakfu kwa ajili ya zulia la msikiti. Naye ameshatangulia mbele ya haki. Anayeujua mji wetu hatauliza zulia linahitaji mashine ya nini. Mvua ya Bukoba haiishi hamu, na udongo mwekundu ukilowa hufuata miguu hadi mlangoni, kisha ukikauka hugeuka unga unaozama katikati ya nyuzi, mahali ambapo ufagio haufiki. Ikiingia Novemba, senene nao hufuata taa wakati wa Isha. Wazima huokotwa na vijana usiku ule ule, wala hatuwalaumu, lakini mabawa na miguu iliyokatika hubaki juu ya zulia.

Miezi miwili iliyopita mashine ilianza kusumbua. Ikiwashwa huzunguka, mara hukatika; ukiipiga kofi ubavuni huamka tena. Ikaongeza harufu, na mwisho ikanyamaza kabisa. Akaitwa fundi. Aliinusa, akaitikisa, akasema mota imeungua, na kwamba yeye yuko tayari kuichukua kwa bei ya chuma chakavu. Hakuifungua. Kamati ikakubali, nasi tunakiri kuwa tulikuwa wa kwanza kuunga mkono. Baada ya swala ya Ijumaa yakatangazwa makusanyo ya kununua mpya.

Upande wa akina mama alikuwepo binti wa yule marehemu. Hakupinga wala hakulalamika. Alimtuma mjukuu wake aje atuulize swali moja tu: je, kuna aliyeiona kwa ndani?

Swali hilo lilituinamisha vichwa. Wakfu, kama tunavyowafundisha watoto wetu, hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi. Mafakihi wana maneno marefu kuhusu kitu cha wakfu kilichokwisha manufaa yake, wako wanaoruhusu kibadilishwe na wako wanaozuia. Lakini hata wanaoruhusu hutaka kwanza iwe yakini kwamba manufaa yamekwisha. Sisi hatukuwa na yakini yoyote. Tulikuwa na pua ya fundi.

Tukamtafuta kijana mmoja anayetengeneza grenda na mashine za kutobolea, kwa sababu mota iliyomo ndani ya vifaa hivyo na iliyomo ndani ya vakyumu ni za ukoo mmoja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa plagi na kuiweka mahali anapoiona. Cha pili, aliuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Wazee wangu, kabla haijanyamaza, sauti yake ilikuwa nene au nyembamba?"

Tukajibu kwamba ilikuwa nyembamba, kama ya mbu aliyekasirika. Akatabasamu, akalifungua chujio. Lilikuwa limegandamana kwa vumbi jekundu na mabawa ya senene hata likawa kama kipande cha ngozi. Hapa ndipo tulipopata somo. Wengi wetu hudhani kwamba njia ya hewa ikiziba, mota hulemewa na kupunguza mwendo. Sivyo. Kazi ya mota hiyo ni kuisukuma hewa kwa feni. Hewa isipokuja, kazi inapungua, na mota hukimbia zaidi. Ndiyo maana sauti hupanda. Kukimbia peke yake si ubaya mkubwa. Ubaya ni kwamba katika mashine nyingi za nyumbani hewa hiyo hiyo inayofyonzwa, baada ya kupita kwenye chujio, ndiyo inayoipoza mota. Basi mota inakimbia sana huku imenyimwa upepo. Baadhi ya mashine zina kifaa kidogo kinachokata umeme joto likizidi, kisha hurudisha zikipoa, na mwenye nyumba husema zimepona zenyewe.

Alipolisafisha chujio mashine haikuwaka, kwa hiyo akaingia ndani zaidi. Mota za namna hii zina sehemu inayozunguka, mafundi huiita amecha, na mwishoni mwake pana mviringo wa vipande vya shaba vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Umeme huingia humo kupitia vijiti viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi, kila kimoja upande wake. Feni ya dari haifikishi mizunguko 400 kwa dakika. Mota ya vakyumu hupita 20,000. Kaboni hiyo inasugua shaba muda wote, nayo huisha kama chaki ubaoni. Ikibaki chini ya sentimita moja au karibu na hapo, springi hukosa nguvu ya kuisukuma vizuri, na mguso unakuwa wa kubahatisha. Ndiyo siri ya lile kofi la ubavuni: mtikisiko uliirudisha kaboni kwenye shaba kwa muda.

Kijana akazitoa mbili. Moja ilikuwa imebaki fupi kuliko ukucha wa kidole gumba, na nyingine imenasa ndani ya nyumba yake kwa vumbi na unyevu. "Haijaungua," alisema. "Ina njaa."

Hata hivyo hakukimbilia kufurahi, na hilo ndilo lililotufanya tumwamini. Alichukua mita akapima vipande vya shaba, kimoja kwa jirani yake, akizunguka mviringo mzima. Vipimo vikifanana, amecha ni nzima. Kimoja kikitofautiana sana na wenzake, pana waya uliokatika au kugusana. Kisha akapima kati ya shaba na mhimili wa chuma, ambapo hapatakiwi kupita umeme hata kidogo. Akatuonesha pia rangi. Shaba yenye weusi mwepesi ulioenea sawasawa haina neno, bali shaba yenye mashimo na alama za moto, pamoja na harufu kali ya vanishi iliyoteketea kutoka kwenye nyaya, hiyo ndiyo mota iliyoungua kweli. Ile harufu yetu ilikuwa ya vumbi na mabawa yaliyokaangika. Tunamwachia msomaji acheke.

Kaboni za kipimo chake hazikupatikana madukani hapa mjini. Alinunua za grenda, zilizo nene zaidi, akazisugua kwa msasa taratibu hadi zikaingia: zisibane, maana zitanasa tena, wala zisilegee, maana zitatetemeka na kutoa cheche. Akauzungusha msasa laini juu ya shaba, akasogeza kaboni juu yake mpaka ncha ikapata mviringo ule ule. Pamba ya chuma, alisema, isikaribie kabisa, kwa kuwa nyuzi zake hubaki katikati ya vipande na kuviunganisha. Alipoiwasha, cheche ndogo za buluu zilionekana, zikapungua baada ya dakika chache. Cheche ndogo chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaouzunguka mviringo wote si kawaida, na hapo zima mara moja.

Tulimuuliza kama umeme mdogo wa jioni ndio uliotuponza. Akasema umeme mdogo huumiza friji, ambayo mota yake hung'ang'ania kuanza na kupata joto, lakini vakyumu hupungua nguvu tu. Kilichotuponza ni mikono yetu: tangu mama yule afariki, hakuna aliyekuwa akilikung'uta chujio. Sasa zamu imepangwa, kila Alhamisi baada ya Alasiri, nje ya msikiti na mbali na upepo.

Gharama yote, kaboni na ufundi, haikufika bei ya kilo tano za sukari. Limebaki jambo moja. Beringi ya upande wa feni bado inalia kidogo, nayo ikiachwa itaivuruga amecha nzima. Ni namba 608, ambayo pia hutumika kwenye magurudumu ya viatu vya kuteleza vya watoto, na tumemwagiza msafiri wa Mwanza aje nayo kwa meli. Michango iliyokwisha kukusanywa imerudishwa kwa wenyewe, isipokuwa watu watatu waliokataa kuipokea. Tuliwauliza kama wanaridhia nia ibadilishwe, wakaridhia, na fedha yao ndiyo itakayonunua beringi.