Chaja Ikinyamaza, Tuzipime Betri Kwanza

Kigari cha gofu kimpelekacho bibi yetu darsani kiliachwa bila kuendeshwa mvua zote za masika. Tulipokichomeka, chaja ikanyamaza kimya. Tulikuwa tayari kununua nyingine, fundi akatuzuia. Chaja nyingi za vigari hivi, alisema, haziwaki mpaka zihisi umeme uliosalia betrini. Betri zikiisha kabisa, chaja nzima huonekana mbovu.

Basi, chaja ikiwa imechomolewa, tukague soketi, fyuzi na nyaya, kisha tusafishe kutu vichwani mwa betri. Tupime kwa mita: seti ya betri za asidi ya volti 48, ikijaa, husoma takriban 51. Ikiwa chini mno, kila betri ichajiwe peke yake kwa chaja ya kiasi chake. Maji yakipungua, tuongeze yale maalumu ya betri, kamwe si ya kisima. Na pahali pawe na hewa, mbali na moto na watoto, kwani betri ichajiwapo hutoa gesi iwezayo kulipuka.

Bibi amerudi darsani, na fedha zimebaki nyumbani. Mali ni amana. Kuitupa kabla ya kuikagua ni israfu.