Hakuna Kuni za Bure



Katika mkutano mmoja wa vijana, tulipokuwa tukizungumza juu ya matumizi mema ya vitu vya nyumbani, kijana mmoja aliinua mkono, akasimama kwa adabu, akasema: «Mwalimu, maneno haya ni mazuri, lakini ungeyapeleka kwa akina mama. Sisi wavulana hatupiki.» Wenzake wakacheka. Wasichana wawili waliokaa nyuma hawakucheka. Tulisali sala ya kufunga, tukarudi nyumbani, na jibu tulilopaswa kulitoa siku ile halikutujia. Leo tunalitoa, na tunaomba wavulana walisome kwanza.

Wako wengine wasemao kwamba kuepuka upotevu ni somo la matajiri. Anayetupa ni yule aliye nacho, wanasema. Sisi wa milimani tutapoteza nini? Kwa sehemu kubwa wana haki. Katika nyumba zetu shati la baba huwa shati la mtoto, kisha huwa tambara la kufutia meza. Bidoni ikitoboka hukatwa, sehemu ya juu ikawa ya kumiminia mafuta, ya chini ikawa beseni. Tairi lililokufa barabarani hufufuka likiwa viatu. Katika mambo haya hatuhitaji mwalimu, na hata sisi tulio walimu huudhika tukimwona mgeni akishuka katika gari kubwa, akafungua karatasi zake, akaanza kuwafundisha maskini wasitupe vitu.

Lakini kuna kitu kimoja tunachokitupa kila siku, asubuhi na jioni, mbele ya macho yetu, bila mtu kusema neno. Kitu hicho ni moto.

Tazameni mafiga matatu yaliyo wazi. Katika sehemu kumi za joto litokalo kwenye kuni, ni moja au mbili tu zinazoingia katika chakula. Zilizobaki huenda na upepo, hupasha joto kuta na paa, na moshi wake huishia katika macho na kifua cha mama. Kuni zikiwa mbichi, hasara huongezeka, kwa maana moto hulazimika kwanza kukausha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe kabla haujaigusa sufuria. Sufuria ikiwa haina kifuniko, joto lile dogo lililofika hutoroka tena kwa juu pamoja na mvuke.

Na milima yetu nayo inadai ushuru wake. Kwa kila mita 300 hivi tunazopanda, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu digrii moja. Kule Mombasa, ufukoni mwa bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Aliye kwenye kimo cha mita 2000 huyaona maji yake yakichemka kwa digrii 93 hivi, na hata akisukuma kuni zote za nyumba chini ya sufuria, maji hayo hayatazidi hapo, yatapungua tu. Ndiyo sababu maharagi ya milimani huchukua muda mrefu kuiva kuliko ya pwani. Mama anayeongeza kuni ili yaive upesi anachoma kuni bure.

Tunakiri kosa letu wenyewe. Somo hili la maji kuchemka tulilifundisha miaka mingi, kwa chaki, kwa michoro mizuri ubaoni, na wanafunzi wakapata alama nzuri. Jioni tulirudi nyumbani, tukaketi kusahihisha madaftari, tukauliza kwa sauti ya mkubwa kwa nini chakula kimechelewa. Nyuma ya nyumba kuni zilikuwa zikinyeshewa mvua, sufuria haikuwa na kifuniko, maharagi yalitiwa motoni yakiwa makavu kama mawe. Hatukuwahi kuupeleka ubao wetu jikoni. Tulidhani, kama kijana wetu yule, kwamba jiko si mahali petu.

Sasa tuulize: kuni hizo ni za nani? Kwa kuwa hazinunuliwi sokoni, tumezoea kuziita za bure. Milima mingi ya Masisi ni malisho ya ng'ombe, yamezungushiwa uzio, na mwenye kutafuta kuni hupita mbali ili kufikia miti. Anayepita mbali ni nani? Ni dada yako. Ni mama yako mwenye mimba. Huondoka na panga na kamba, hurudi mgongo umepinda, kamba imemkata paji la uso, na siku ya shule imekwisha pita bila yeye.

Tena njia ile si njia tupu. Tangu vita vya 1993 vilivyotapakaa Masisi na Walikale, ni wangapi waliokwenda kutafuta kuni wakarudi wakiwa hawawezi kusema yaliyowapata? Katika kambi za waliokimbia vita kandokando ya Goma, mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka waliwapokea wanawake wengi waliotendewa jeuri, na wengi wao walieleza kwamba walishambuliwa walipotoka kwenda kutafuta kuni, maji au chakula. Hatutataja vijiji wala watu. Mnaojua, mnajua. Tunasema tu kwamba kuni zilizopotea jikoni zimekwisha kulipiwa tayari, na aliyezilipia si yule aliyecheka katika mkutano.

Tufanye hesabu, kwa kuwa ualimu hautuachi. Tuseme nyumba fulani humaliza mzigo mmoja wa kuni kwa siku tatu. Kwa mwezi wa siku 30 ni mizigo kumi, yaani safari kumi. Nyumba hiyo ikijifunza kuufanya mzigo uleule utoshe siku tano, safari zitakuwa sita. Safari nne zimefutwa katika mwezi mmoja. Katika mwaka, ni safari 48. Mara 48 msichana hapiti njia ile. Kijana anayesema kwamba kufunika sufuria ni jambo dogo, na aichukue hesabu hii, aende nayo kwa dada yake, amuulize kama ni ndogo.

Kwa ndugu zetu waliohamia Goma, hesabu ni ya franka, maana kule makala hununuliwa, na mara nyingi hununuliwa kidogokidogo, namna ambayo humgharimu maskini kuliko tajiri anayenunua gunia zima. Makala hayo mengi yametoka katika msitu wa Hifadhi ya Virunga. Mwezi wa Julai 2007 masokwe wa milimani waliuawa katika hifadhi hiyo kwa risasi, na mauaji hayo yalihusishwa na biashara ya makala. Wenzetu wa Kenya walikwisha kutengeneza, katika miaka ya 1980, jiko la bati lenye tumbo la udongo wa kuchomwa, ambalo hupunguza makala kwa theluthi moja na zaidi likitunzwa vema. Mafundi wa Goma wanajua kutengeneza majiko ya namna hiyo. Aliye na shemeji mjini amshauri.

Sisi wa kijijini tuanze na yasiyohitaji hata franka moja. Maharagi yalowekwe tangu jioni, maji ya kulowekea yamwagwe, na asubuhi yapikwe kwa maji mapya. Kuni zipasuliwe nyembamba, zipangwe chini ya paa, zikae majuma kadhaa kabla ya kuchomwa. Kazi hii ya shoka ni ya mvulana, na hakuna desturi yoyote ya mababu inayomkataza. Sufuria ifunikwe, kifuniko kikipotea, sahani itafaa. Chakula kikiisha kuchemka, moto upunguzwe.

Kuna pia kapu la kuivishia, ambalo wengi hulicheka mpaka walione likifanya kazi. Chukua kapu kubwa, tandika ndani yake majani makavu ya migomba au nguo kuukuu, nene pande zote. Maharagi yaliyolowekwa yakisha kuchemka kwa nguvu muda wa nusu saa, funika sufuria, iingize kapuni ikiwa ingali inatokota, ifunike kwa blanketi, na uende shambani au misani. Ukirudi baada ya saa nne au tano utayakuta yameendelea kuiva yenyewe. Utayachemsha tena kidogo, basi. Msifupishe kule kuchemka kwa kwanza, kwa sababu maharagi mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayouawa na mchemko mkali tu.

Mambo mengine mnayajua, tusiyarefushe: maganda ya viazi kwa sungura na simbilisi, samadi yao shambani, majivu katika mbegu za maharagi ili wadudu wasizitoboe. Na katika sherehe zetu, tuache kupika kwa ajili ya sifa. Tumeona wali ukimwagwa nyuma ya jengo la sherehe, na watoto wa jirani wakiutazama.

Mtu mwenye hasira atatuambia: «Mwalimu, watu wenye silaha wanatoza kodi juu ya kila gunia la makala, misitu inamalizwa na wakubwa, nawe unazungumza juu ya kifuniko cha sufuria?» Hasira hiyo ni halali, na nusu yake ni yetu pia. Hatusemi kwamba mama wa Ngungu ndiye aliyeharibu msitu. Anayesema hivyo ni mwongo, hata awe na karatasi nyingi. Lakini tusiufanye uovu wa wakubwa kuwa mto wa kulalia. Amani hatujui itafika siku gani. Chakula cha jioni kitapikwa leo. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aya ya 211, hakuona aibu kuyahesabu mambo ya namna hii: kupika kiasi kitakacholiwa, kutumia maji kwa kiasi, kupanda miti, kuzima taa isiyohitajiwa. Na Bwana wetu, aliyeweza kuongeza mikate mbele ya umati, bado aliwatuma wafuasi wake kuokota vipande vilivyobaki. Injili ya Yoane, sura ya 6, inataja vikapu 12. Hao waliotumwa kuokota, tukumbushane, walikuwa wanaume.

Marehemu Wangari Maathai, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2004, alianzisha kazi yake ya kupanda miti nchini Kenya mwaka 1977 baada ya kuwasikiliza wanawake wa vijijini. Walimlalamikia nini? Kuni zimekuwa mbali. Aliwaamini, akaanza na miche. Sisi tumewasikiliza akina nani?

Kwa hiyo tumeamua hivi. Jumamosi ijayo, baada ya misa ya asubuhi, salongo ya vijana haitafyeka majani ya uwanja. Tutajenga jiko la udongo kwa yule mjane anayekaa karibu na chemchemi, kwa namna wanayojenga ndugu zetu wa Uganda: udongo wa kichuguu ukichanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa na maji, ukakanyagwa mpaka ushikamane, vipande vya shina la mgomba huzikwa ndani ili vitengeneze njia ya moto, kisha huondolewa, na jiko huachwa likauke majuma mawili au zaidi. Wavulana walete udongo, wachote maji, wakanyage. Wasichana watakaopenda kuja waje na maneno: wao ndio watakaosema mlango wa kuni uwe na upana gani, na sufuria ikae kwa kimo gani, kwa sababu wao ndio wanaojua.

Orodha ya wakanyagaji imekwisha kubandikwa mlangoni pa sakristia. Jina la kwanza ni la kijana wetu yule. Tumeliandika sisi wenyewe, na la pili ni la mwalimu wake.