Elimu ya Biashara Isitufilisi

Ndugu wafanyakazi, sisi tulioacha shule mapema tuna kiu ya elimu. Wafanyabiashara wanaijua kiu hiyo, na ndiyo wanayoitegea.

Tutazame Marekani. University of Phoenix, chuo cha faida kinachofundisha kwa intaneti, kilitangaza kuwa kinashirikiana na makampuni kama Microsoft na AT&T kuwapatia wanafunzi wake kazi. Tume ya biashara ya serikali ikakishtaki kwamba matangazo hayo ni ya uongo. Desemba 2019 chuo kilikubali kumaliza shauri kwa dola milioni 191: milioni 50 taslimu, na milioni 141 za madeni ya wanafunzi kwa chuo zikafutwa. Lakini mikopo waliyochukua serikalini ilibaki shingoni mwao. Septemba 2023 ndipo serikali ilipokubali kufuta karibu dola milioni 37 za watu zaidi ya 1,200, nao ni wale waliopeleka malalamiko yao.

Hatumkatazi mwenzetu kusoma. Asome! Lakini kabla ya kutia sahihi aulize: je, cheti hicho kinatambuliwa na serikali yetu? Ahadi ya kazi imeandikwa wapi? Atunze kila stakabadhi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Na matawi yetu yapokee malalamiko haya kama yanavyopokea ya mishahara. Mdai mmoja hupuuzwa. Wadai mia husikilizwa.

Umoja ni nguvu!