Nasaha za Mwezi: Binti Muuguzi na Masomo ya Safarini



Mzazi mmoja ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote, kwani nyumba zenye watoto wauguzi huko Marekani leo si chache. Asema: "Binti yangu amekwisha kuhitimu, tena ana mshahara, na kila miezi mitatu huhamia mji mwingine kwa kazi. Sasa ataka kupunguza fedha atuleteazo ili alipe ada ya masomo. Mtu aliyehitimu asoma nini tena?"

Jawabu: Yapasa kwanza kuijua kazi yenyewe. Hospitali iliyopungukiwa na watu humwajiri muuguzi msafiri kwa mkataba, aghalabu wa wiki 13, na ukiisha huenda kwingine. Hawezi kufanya kazi bila leseni, na leseni hutolewa na jimbo, si na serikali ya nchi nzima. Nayo ina muda wake, na majimbo mengi hayaifanyi upya mpaka muuguzi atimize saa maalumu za masomo. California yataka saa 30 kila miaka 2, Texas 20, Florida 24. Na katika hizo za Florida, somo la kuzuia makosa ya matibabu ni la lazima. Yako pia mapatano ya majimbo zaidi ya 40, ambayo kwayo leseni moja hufaa katika yote, na mwenye leseni hiyo hufuata sharti la masomo la jimbo la makao yake. California haimo katika mapatano hayo; aendaye huko hana budi kupata leseni ya huko.

Basi binti huyu hatafuti anasa. Akiacha kusoma, huenda leseni yake ikafa, na mshahara ukafa nayo. Zaidi ya hayo yuko mgonjwa kitandani, asiyejua kwamba amhudumiaye ni mgeni wa wiki ya kwanza. Sisi walimu wa vyuo twajua ya kuwa aliyehifadhi juzuu asipoirudia humtoka. Sembuse kazi ambayo dawa na mitambo yake hubadilika kila mwaka?

Njia zilizo mbele yake ni tatu. Ya kwanza ni masomo mafupi ya saa, ambayo husomwa kwa intaneti baada ya zamu. Bei yake ni nafuu, na faida yake ni kuilinda leseni. Ya pili ni cheti cha ubingwa, kama kile cha wauguzi wa mahututi kiitwacho CCRN: hupatikana kwa mtihani baada ya saa nyingi za kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo, na hudumu miaka 3. Ya tatu ni shahada. Wauguzi wengi huanza kwa masomo ya miaka 2, kisha huikamilisha shahada kwa intaneti, kwa mfano katika Western Governors University. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 kuwataka wauguzi wapya waipate shahada katika muda wa miaka 10.

Rai yetu ni hii: kama hana shahada, aanze nayo, kwani saa fupi huisha pamoja na leseni, na shahada humfuata kila aendako. Achague masomo yasiyomlazimu kukaa mahali pamoja, maana wiki 13 hazitoshi hata kulizoea darasa.

Lakini asilipe hata senti moja kabla ya kuuliza: Je, skuli hii yatambuliwa? Je, bodi ya uuguzi ya jimbo itazikubali saa zake? Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kuwashitaki watu 25 katika biashara ya vyeti vya uongo. Vyeti zaidi ya 7,600 vilikuwa vimetolewa kwa majina ya skuli tatu za uuguzi za Florida. Wazee wetu hawakuipokea ijaza mpaka wajue ni nani aliyeitoa, naye alisoma kwa nani. Kanuni hiyo yafaa hapa pia.

Na wewe mzazi, wema wa mtoto kwa wazazi ni wajibu, wala hatuupunguzi. Walakini ukila mbegu, mwakani utapanda nini? Kaeni mzungumze wazi: atapunguza kiasi gani, kwa muda gani, na ni matumizi gani ya nyumbani yanayoweza kungoja. Ukuta wa nyumba waweza kusimama mwaka mmoja bila kupakwa chokaa. Mwambie asome, tena umwambie kwa uso mkunjufu, asije akasoma huku akidhani amewakosea wazee wake.

Wabillahi tawfiq.