Huli nguruwe, lakini tegu anaweza kukufikia

Ndugu Muislamu wa Njombe, Makambako na Kitulo, usiseme: "Sili nguruwe, tegu hanihusu." Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, hukufikia kwa mikono michafu au mboga mbichi, kisha hujenga malengelenge ubongoni na kuleta kifafa. Huko Haydom, Mbulu, picha za CT ziliyaonyesha kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Leo programu za kompyuta hupima ujazo wa ubongo kwa mililita kutoka picha za MRI. Lakini kipimo hakiondoi kovu. Kusomewa ruqya sikatazi. Napinga kumnyima mgonjwa hospitali. Tumia choo, nawa kwa sabuni, osha mboga. Twahara ni kinga. Wallahu a'lam.